Kanda Yenye Tone la Hina

Kanda zilikuwa mbili, pacha. Zote za Radi Sita, zote zimenunuliwa Tanga duka moja, na picha ileile juu: vijana sita, nywele timtim, magitaa wameyaelekeza juu kama bunduki. Moja ilikuwa na magitaa. Nyingine ilikuwa na Mwanahamisi.

Shabani hakusoma. Alipokuja Doha kuendesha gari la familia moja, mkewe Mwanahamisi hakujisumbua na kalamu. Alichukua kanda moja ya Radi Sita, akatafuna karatasi, akaziba vile vitundu viwili vya mgongoni ili redio ikubali kurekodi, akasema maneno yake juu ya magitaa. Kisha akadondosha tone la hina pembeni, mumewe aijue kwa jicho.

"Yenye hina ni mimi," alimwambia humo ndani. "Isiyo na hina ni wahuni wako."

Zilikuja kanda nyingi miaka ile. Nyingine ziliungua na joto, nyingine ziliraruka. Simu zilipoingia, zikakoma. Ikabaki hiyo moja, na pacha wake, ndani ya soksi, chini ya godoro, kwenye chumba cha dereva huko Muaither.

Miezi saba iliyopita Mwanahamisi alifariki. Walipomzika, Shabani alikuwa barabarani akimpeleka Mama Nasser, mwajiri wake, kwa daktari wa meno. Hakumwambia mtu. Alipoulizwa habari za nyumbani alijibu njema, kwa sababu ndivyo watu wanavyojibu. Na ile kanda hakuigusa. Aliogopa kuisikia, na aliogopa zaidi kuimaliza.

Radi Sita ndio waliomtoa chumbani.

Mtu fulani, hajulikani nani, aliweka wimbo wao mmoja mtandaoni, na simu za wazee wote wa Kiswahili walioko Doha zikaanza kunguruma. Benard, Mkenya wa Voi, mlinzi wa jengo, aliwahi kuwaona Mombasa akiwa na miaka kumi na mitano. Alilia aliposikia. Akatafuta wenzake: Levis, dereva wa hoteli, na Zuhura, mtumishi wa nyumba huko Al Rayyan, ambaye alijua maneno ya kila wimbo hata yale ambayo mwimbaji mwenyewe alikuwa akiyameza. Wakanunua magitaa. Kila Ijumaa wakakutana chumbani kwa Benard, mitaa mitatu kutoka kwa Shabani, wakawa wanazifukuza nyimbo za Radi Sita kama watoto wanaofukuza kuku. Shabani alikuwa akikaa pembeni, anasikiliza, halafu anakwenda zake.

Kulikuwa na wimbo mmoja, "Mkonge Unachoma," wenye kipande cha gitaa katikati ambacho hakikuwa mtandaoni. Benard alikuwa akikitafuta kichwani kwake, hakipati.

"Ninacho," Shabani alisema siku moja. "Kwenye kanda."

Benard nusura amkumbatie. "Mzee! Wiki nane unakaa hapo na hausemi?"

"Hamkuuliza."

Wakapanga. Ijumaa inayofuata wangesikiliza, kisha wangerekodi wimbo wao wenyewe, nao kwa kanda, kama zamani, kwa redio kubwa aliyoipata Benard kwa Mhindi mmoja.

"Lakini kanda tupu hakuna Doha hii yote," Benard alisema. "Sasa mzee, kama yako imeharibika, haina muziki, si tunaweza rekodi juu yake tu?"

"Sawa," Shabani alisema. Alikuwa na hakika na kanda yake.

Ijumaa ilipofika, baada ya sala, alitoa kanda zote mbili kwenye soksi, akaziweka kitandani. Akatafuta hina. Macho yake hayakuwa yale ya zamani, na hina nayo haikuwa ile ya zamani. Aliona kivuli chekundu kwenye moja, au alidhani ameona. Akampelekea Benard ile nyingine mlangoni. Yenye kivuli akaitia mfukoni mwa kanzu. Siku hiyo, aliamua, angeisikiliza.

Alasiri alimpeleka Mama Nasser kwa dada yake, Al Wakrah. Gari lilikuwa la kizamani. Mama Nasser alikataa kuliuza kwa sababu marehemu mumewe ndiye aliyelinunua, na lilikuwa bado na mdomo wa kanda. Shabani aliegesha kivulini mwa ukuta. Akapiga bismillahi. Akaisukuma kanda ndani.

Magitaa yakamrukia.

Alikaa vile vile, mkono hewani. Wimbo ulikuwa "Mkonge Unachoma." Akaitoa kanda, akaigeuza, akaitia tena. Magitaa. Akaitoa, akaiinua mpaka puani. Kivuli chekundu kilikuwa kutu ya kopo zilimokaa kabla ya soksi.

Basi Mwanahamisi yuko kwa Benard. Na Mwanahamisi hana muziki.

Alipiga simu, ingawa alijua. Benard alishasema: wakirekodi, simu zote zinaingia sufuriani, na sufuria inafunikwa. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Akampigia Zuhura. Akapiga mara tisa. Aliwaona kama yuko nao: sufuria inatetemeka na hakuna anayefunua.

Ndani ya miaka ishirini na nane Shabani hakuwahi kugonga mlango ambao Mama Nasser yuko ndani akizungumza. Siku hiyo aligonga. Mama Nasser alitoka na kikombe mkononi.

"Kuna nini, Shabani?"

"Naomba kwenda Muaither, mama. Sasa hivi."

"Kwa nini?"

Kiarabu chake kilimtoroka. "Mke wangu."

"Anaumwa?"

"Amekufa."

Mama Nasser aliweka kikombe chini. "Lini?"

"Miezi saba."

"Miezi saba, na haraka ni ya leo?"

"Ya leo, mama."

Mwanamke yule aligeuza macho kwenye lile gari la kizamani pale ukutani, kisha akayarudisha. "Nenda. Uje unichukue kabla ya magharibi. Na usije ukaniulia gari."

Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Kila daraja lina kamera ya kunasa wenye kasi, na Shabani hajawahi kupigwa picha hata moja. Aliendesha mguu ukimwasha. Kanda ina nusu saa kila upande. Wimbo una dakika sita. Wakikosea wanaanza upya palepale kanda ilipofika, na Levis hukosea. Wakiurudia mara tano, upande mzima umekwisha. Alipiga hesabu hiyo tangu Al Wakrah mpaka uwanja wa ndege, akaipiga tena, akaomba Levis leo apewe vidole vya malaika.

Kwa Benard aliliacha gari katikati ya njia, mlango wazi. Alisikia magitaa tangu nje. Akasukuma mlango bila hodi.

Walikuwa wameinama juu ya vyombo vyao, Zuhura amefumba macho, anaimba. Mezani redio, kitufe chekundu kimezama, na ndani ya dirisha dogo kanda inazunguka taratibu. Shabani alivuka chumba, akashika waya wa redio, akaung'oa ukutani.

"Ai, mzee!" Levis akaruka. "Si tulikuwa tumefika mahali patamu! Unatuharibia kazi?"

"Mzee Shabani, nini sasa?" Benard aliuliza. "Kanda yenyewe ilikuwa bure. Hakuna Radi, hakuna nini. Ni mama fulani tu anapiga domo."

"Nilikuambieni!" Zuhura alimgeukia. "Nikasema huyu anazungumza na mumewe, hizi ni barua zetu za zamani. Mkaniona mshamba. Nikaona bora nitoe hata karatasi ya upande wa pili, msije mkaufuta na huo." Alifungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na kidonge cha karatasi, kikavu, kimetafunwa.

Shabani alikitazama. Meno yaliyokitafuna aliyajua.

"Ni mke wangu," akasema. "Amefariki."

Benard aliweka gitaa chini, likalia lenyewe.

"Lini, mzee?"

"Mwezi wa nne."

"Na sisi tunakuuliza habari za nyumbani kila Ijumaa..."

"Nilijibu njema."

Benard alipiga magoti mbele ya redio, akachomeka waya, akarudisha kanda mwanzo. Lile dude likazunguka likilia kama mbu. "Tumeenda mara moja tu," alisema, kama anayeapa. "Haki ya Mungu, mzee, mara moja. Hata haijaisha. Levis hajakosea leo."

"Dakika ngapi?"

"Nne. Labda tano."

Dakika tano za mwanzo. Shabani alizijua. Kanda zote za Mwanahamisi zilianza hivyo hivyo, na hakuna redio wala fundi atakayezirudisha. Aliitoa kanda redioni, akachomoa kidonge cha pili kwenye kitundu, yeye mwenyewe, kwa ukucha, akakiweka mfukoni pamoja na kile cha Zuhura. Akairudisha redioni; sasa hakuna wa kuifuta tena. Kisha akatoa mfukoni kanda ya Radi Sita, akampa Benard.

"Kipande chako kimo humo."

Benard aliipokea, hakuiangalia. "Mzee, nimekosa. Pale mwanzo... alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anasema, kaa kitako, mume wangu. Usinisikilize umesimama."

Zuhura aliifuta kwa kanga yake ndoo waliyokuwa wakiipiga kama ngoma, akaisukuma mpaka miguuni pa Shabani. "Basi kaa, kaka."

Akakaa. Benard alibonyeza. Yakaja magitaa yao, machafu, yanajitahidi, na sauti ya Zuhura juu yake. Shabani alihesabu kwa vidole vyake magotini. Dakika moja. Mbili. Tatu. Ya nne ikapita, na magitaa yangali yanakwenda. Kisha tak, ukimya, mkwaruzo, na mwanamke akatokea katikati ya neno, ana haraka, anacheka:

"...nikamwambia fundi paa aliache tu, likivuja livuje, mwenyewe atakuja kuliziba. Na yule mbuzi wako amezaa, Shabani. Wawili. Mmoja mkorofi kama wewe."