Shughuli ya Kheri, Jadida

Siku hizi kijana akinijia kuniomba kitu, akasema ana shughuli, mimi humwuliza: shughuli gani? Arusi, hitima, mkutano, nini? Wanangu huniambia nawahoji watu utadhani polisi. Na waseme. Neno hilo nililitumia vibaya mara moja tu, na mpaka leo likitajwa masikio hunichoma.

Kwetu Pemba ukisema una shughuli, watu hujua kuna maulidi, au arusi, au kisomo cha marehemu. Hawakuchimbi. Hukuuliza tu kama ni ya kheri au ya msiba. Basi mimi, nikiwa na miaka kumi na tisa, mjuba, kichwa kimejaa disko, nikalibeba neno hilo nikamwendea nalo Maalim wangu.

Ilikuwa miaka ya themanini. Maduka yalikuwa yameanza kujaa tena baada ya ile dhiki tuliyokulia, na kaseti za disko zikishushwa bandarini kutoka Unguja. Mimi na rafiki yangu mmoja wa Wete tulitaka kupiga disko Sikukuu ya pili ya Idi, alasiri, ndani ya ghala tupu la karafuu pale Jadida. Mwenye ghala, Muhindi wa duka la vitambaa, alikubali, alimradi tulifagie. Redio tulikuwa nayo. Taa tulizivisha karatasi nyekundu na za kijani. Kilichokosekana ni sauti. Redio ile ukiiweka ghalani, watu wakianza kucheza husikii ila miguu.

Amplifaya niliyoijua mimi ilikuwa moja, ya chuo chetu cha Kurani kule Ole, pamoja na maikrofoni yake na spika la mdomo mpana. Maalim aliiweka uvunguni mwa kitanda chake, kaifunika kanga. Yeye ndiye aliyenisomesha tangu alifu, na zamani hapakuwa na maulidi Ole yasiyosomwa naye. Lakini macho yalikuwa yameingia ukungu, na watu wakawa wanaita vijana wenye macho yao, ingawa Maalim kitabu kizima alikuwa nacho kichwani.

"Maalim, nna shughuli Jadida, Sikukuu ya pili," nikamwambia.

"Ya kheri?"

"Ya kheri, Maalim."

Ningekomea hapo. Lakini akaniuliza, "Na msomaji nnani?" Nami, kwa kutaka uongo wangu ukae sawa, nikajibu, "Hatujapata bado."

Akatabasamu. "Inshaallah atapatikana," akasema, akainama mwenyewe kuivuta amplifaya. Mpumbavu mimi, nikadhani yamekwisha. Kwetu mtu mzima haombwi kusoma waziwazi. Unamwambia huna msomaji, naye akitaka atakuja. Nilikuwa nimemwalika, na mwenyewe sina habari.

Sikukuu ya pili ghala lilijaa. Wasichana waliingia na mabuibui, dakika mbili hayapo, yamekunjwa mifukoni. Mimi nilivaa suruali ya bugaluu ya kaka yangu, ambayo mjini ilishapitwa na wakati zamani, na hakuna aliyenihurumia akaniambia. Kulikuwa na msichana mmoja wa Jadida niliyemtia machoni, na kila kaseti niliyoiweka nilimwekea yeye. Spika la chuo linanguruma. Wallahi nilijiona mtu.

Mara mlangoni akaingia Maalim.

Kanzu ya Sikukuu, joho, kofia imepigwa pasi, ananukia udi, kitabu cha maulidi kwapani kimefungwa kitambaa. Jirani yake alimpakia kwenye baiskeli tangu Ole, wakafuata sauti ya spika, akamshusha, akaenda zake kwa jamaa zake. Nilimkimbilia.

"Watoto wamechangamka," akasema. "Shughuli haijaanza?"

"Bado, Maalim. Wanajaribu spika."

Wanajaribu spika! Nikamkalisha kwenye kiti ukutani, nikampa soda. Ningeweza kumtoa nje nikamweleza ukweli, nisingekufa. Lakini hapo ningeliacha disko langu, na yule msichana ndiyo kwanza ameanza kunitazama. Nikarudi kwenye kaseti zangu. Maalim akakaa pale kaseti mbili nzima, pande zote, chupa mkononi. Kila akipita mtu anapiga kelele, yeye alidhani anaamkiwa, akawa anaitikia.

Rafiki yangu ndiye aliyemwona, akajua huyu ndiye mwenye amplifaya. Akazima muziki, akashika maikrofoni. "Leo tuna mgeni wa heshima kutoka Ole, atatupa vitu!" Watu wakapiga vigelegele. Akamfuata Maalim pale kitini, akamtia maikrofoni mkononi.

Maalim akasimama. Akaweka kofia sawa, akaanza kumsalia Mtume. Ilikuwa sauti nzuri, nzuri kwelikweli, na spika lile lilikuwa limemzoea. Ghala likatulia kidogo. Halafu kikatoka kicheko huko nyuma, kikafuata cha pili, mara ghala zima. Yule msichana akanigeukia kuona mimi nafanya nini.

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa nguvu kuliko wote, nionekane simjui.

Maalim akakatiza katikati ya neno. Akageuza uso, si kwa waliokuwa karibu yake, bali kwangu, kule nilikosimama. Tangu alifu ananisikia, vipi asikijue kicheko changu? Akainyoosha maikrofoni ichukuliwe, akauliza mlango uko wapi. Aliyemshika mkono akamtoa ni yule msichana. Alijitupia buibui lake, akapita mbele yangu bila kunitazama, wala hakurudi.

Amplifaya niliirudisha kesho yake, wakati ninaojua yeye yuko msikitini. Nilimwachia mkewe, nikatimua mbio. Na kwa miaka mitano, nikikutana na Maalim njiani, nilibana pumzi nikampita kimya, kwa kuwa haoni. Niliyemjua tangu utotoni, nisimpe hata shikamoo.

Ilipofika arusi yangu, baba akaniambia, "Nenda kwa Maalim kaombe amplifaya." Hakujua ananituma wapi. Njia nzima nilipanga maneno ya kuomba radhi. Nilipofika nikaubusu mkono wake, na la radhi halikutoka hata moja.

"Maalim," nikasema, "nna shughuli. Naoa. Na msomaji nakutaka wewe."

Alikuwa ameshainama uvunguni. Akaivuta amplifaya, akaifuta vumbi kwa ile kanga, akanitia mikononi.

"Chukua, mwanangu, Mungu akubarikie," akasema. "Lakini kusoma, hapana. Nachelea utacheka."