Wifi Aliyenyamaza kwa Ajili ya Utafiti

Mume wangu alipoleta habari kwamba dada yake anahamia kwetu mpaka amalize masomo, nilimwambia hakuna neno, ila aniulizie kama nitaruhusiwa kuendelea kupumua. Wifi yangu nilikuwa namjua. Ni mwanamke ambaye akiingia jikoni kwako huanza kwa kusoma maandishi ya nyuma ya pakiti ya chumvi. Kwao walimpachika jina la Profesa tangu akiwa msichana wa shule, kwa jinsi alivyokuwa akiwasahihisha wakubwa. Sasa alikuwa mkufunzi wa chuo cha uuguzi, mtu mzima mwenye mvi zake, anayetafuta shahada ya uzamivu, lakini hakuna ndugu aliyekumbuka kumwita vinginevyo.

Alikuja na begi moja la nguo na maboksi ya karatasi yaliyojaza ukumbi. Tukampa chumba cha nyuma, chenye dirisha linalotazama kamba ya kuanikia. Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko sebuleni karibu na mlango, kwenye mwanga, kwa hiyo kila anayetoka na kuingia hana budi kunipita. Profesa alinipita kuliko wote, maana hawezi kukaa na wazo bila kulitembeza.

Utafiti wake niliuelewa kwa sababu alinieleza mpaka nikaomba poo. Alitaka kujua kama mgonjwa wa kisukari akifundishwa kwa simu ataelewa na kujitunza vizuri zaidi. Wagonjwa wa kliniki iliyo karibu nasi, na za mitaa mingine, waligawanywa makundi mawili kwa bahasha zilizofungwa. Kundi la kwanza lilipokea masomo kwenye simu: sauti fupi, picha, na maswali ya kujipima. La pili liliendelea na huduma zake za kawaida, na lingepewa masomo hayohayo utafiti ukiisha. Mwishoni wote wangepimwa, sukari na maarifa, ili waonekane wametofautiana vipi. Yeye mwenyewe hakutakiwa kujua nani yuko kundi gani, asije akapendelea. Majina yalikaa kwa karani wa utafiti. Profesa alipewa namba tu.

Sasa, mimi nina kisukari, na tangu alipohamia, wifi yangu alikuwa amenikalia kichwani. "Wifi, umeangalia nyayo leo?" "Wifi, hizo ndala zimekwisha, unakanyaga chini." Namjibu kwamba nyayo zangu ninazo, hazijaenda popote. Yeye wala hacheki. Anainama, anautoa mguu wangu kwenye kanyagio la cherehani, anaugeuza kama fundi viatu anayekagua soli, anapitisha kidole chake katikati ya vidole vyangu kimoja kimoja. Hata wateja wakiwepo. Siku moja mama mmoja aliyekuja kupimwa gauni aliniuliza kama huyu ni mfanyakazi wangu. Nikamwambia ndiyo, na simlipi.

Basi, siku yangu ya kliniki nikakuta meza mpya kwenye korido, na dada mmoja mwenye sauti ya chini anaandikisha watu. Ndiye karani wa utafiti. Alinieleza vizuri, akaniuliza umri, dawa ninazotumia, kama nina simu. Hakuniuliza kama nina undugu na mtafiti, na mimi sikufikiria kwamba ni jambo la kusema. Niliona tu kwamba shahada inayotafutwa ni ya wifi yangu. Nisipomuunga mkono mimi, atamuunga jirani? Nikatia sahihi. Bahasha yangu ilipofunguliwa ikasema nisubiri.

Jioni, tukiwa mezani, nikatoa habari kwa furaha. "Profesa, na mimi nimo kwenye utafiti wako. Leo wamenipa bahasha."

Akaweka kijiko chini. "Wifi, tafadhali, usiniambie uko kundi gani."

"La kusubiri," nikasema. Mdomo wangu haujawahi kuwa na breki.

Akafumba macho kama mtu aliyepakwa spiriti kwenye kidonda. Mume wangu akatutazama kwa zamu. "Kuna ubaya gani hapo?"

"Ubaya hakuna. Ila ningependa asingekuwemo."

"Si umtoe?"

"Mtu hatolewi hivihivi, kaka. Leo nitamtoa kwa sababu namjua, kesho nitamtoa mwingine kwa sababu hanipi jibu ninalolitaka."

Kuanzia kesho yake Profesa akawa bubu. Si bubu kabisa. Salamu alinipa, habari za watoto aliniuliza, mpaka umbea wa chuoni kwao aliniletea. Ila kisukari kilitoka mdomoni mwake kama hakijapata kuwepo duniani. Akipita karibu na cherehani anatazama dari. Nikiongeza sukari kwenye chai anageuka kuangalia dirisha.

Siku za mwanzo niliona raha. Nilimwambia mume wangu kwamba hatimaye dada yake ameona na mimi ni mtu mzima. Lakini raha ile haikudumu. Wiki zilivyokwenda nikaanza kuona kama nimetupwa. Siku moja nikamtega kwa makusudi, nikasema kwa sauti, "Miguu yangu leo kama si yangu, imejaa ganzi." Alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa.  Kisha akasema anachelewa, akatoka.

Iliniuma. Nilijua, kwa uhakika ule ambao mtu anakuwa nao akiwa amekosea, kwamba amenichoka. Na mimi nina kiburi changu. Nikasema kama yeye hajali miguu yangu, basi isiangaliwe na yeyote. Mtu mwenye akili angejiangalia mwenyewe, najua; lakini aliyezoea kuamshwa na mwenzake hajui kutega saa.

Jirani yetu muuza mkaa, ambaye hakuna linalompita, aliliona hilo akaja kunimwagia sumu kidogo. "Wifi yako anawafundisha walimwengu kwenye simu, wewe hapa hakupi hata neno. Kweli mganga hajigangi." Nikacheka naye. Ndani kwa ndani sikucheka.

Ukafika msimu wa sare, shule zinakaribia kufunguliwa. Kwa fundi huo ndio wakati wa kula na kulala kwenye mashine. Sakafu yangu ilijaa vipande vya kitambaa, nyuzi, na pini zilizodondoka. Pini ya fundi ikianguka haitafutwi. Inasubiriwa imchome mtu, hapo ndipo hujulikana ilipo. Safari hii ilimchoma mtu ambaye hakusikia.

Nilikuwa napinda sketi, asubuhi, jua likiwa limeingia mpaka miguuni pa mashine. Profesa akatoka chumbani na mkoba wake begani. Akapita, kisha akarudi hatua. Alikuwa anatazama chini. Kutoka kwenye kiti changu mpaka mlango wa jikoni kulikuwa na madoa madogo meusi, moja hapa, moja pale. Nilikuwa nimeyaona mwenyewe tangu nilipotoka kuchemsha chai, nikadhani ni mafuta ya mashine.

"Inua mguu," akasema.

"Nina kazi."

"Wifi. Inua mguu."

Mkoba ulikuwa umeshadondoka. Alikaa sakafuni katikati ya vipande vya sare, akaivuta ndala, na ndala haikutoka. Pini ilikuwa imepita kwenye soli iliyokwisha ikaingia kwenye shina la kidole kidogo, na nyama ya pale ilikuwa imevimba, imebadilika rangi. Nilisikia harufu kabla sijaelewa kwamba ni yangu.

"Hapa nabonyeza," akasema. "Husikii?"

"Unabonyeza wapi?"

 Alifunga mguu wangu kwa kitambaa cha shati la shule la mtoto wa mtu, akampigia simu kaka yake, na tukaenda hospitali nikiwa na futi kamba shingoni. Daktari alisema pini peke yake haifanyi hivyo. Palikuwa na mchubuko wa siku nyingi, ndala iliyokwisha imekuwa ikiusugua, pini ikaja kumalizia. Kidole hakikufaa tena. Alisema ningeendelea kuchelewa tungekuwa tunazungumza habari za mguu. Alilisema hilo kwa upole, akitazama karatasi zake, na mimi nikawa natazama feni.

Walikikata kidole. Siku ya pili yake Profesa aliingia wodini bila kitabu wala karatasi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alivuta kiti.

"Nimetoka kwa msimamizi wangu," akaanza. Msimamizi ndiye profesa wa kweli, aliyekuwa akiongoza utafiti wake pale chuo kikuu. "Nilikwenda kumwambia nimevunja kanuni. Nimemhudumia mshiriki wa kundi la kusubiri, tena ndugu yangu, na kundi lake nilikuwa nalijua. Nikamwambia niko tayari kuacha."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza, kabla hujaandikishwa nilikuwa nakufanyia nini nyumbani. Nikamwambia nilikuwa nakukagua miguu. Akaniuliza, mara kwa mara? Nikasema karibu kila siku." Akalainisha shuka ambayo haikuwa na mikunjo. "Akavua miwani. Akasema, 'Kundi lile lilitakiwa liendelee kupata huduma zake za kawaida. Huduma ya kawaida ya huyu mama ilikuwa ni wewe. Nani alikutuma umnyang'anye?'"

Hapo akalia. Nimeolewa kwao miaka mingi, nimewazika nao watu, sijapata kumwona akilia. Alilia kama anayekohoa, kwa kujizuia, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani kutupa faragha.

"Mimi nilidhani umenichoka," nikasema.

"Nikuchoke? Kila nilipopita pale nilikuwa nameza maneno. Nilikuwa nahesabu miezi iliyobaki ili nianze tena kukusumbua."

"Si ungeniambia."

"Kukuambia kungekuwa ni kukufundisha."

Nilikasirika. Nasema wazi, sikumwonea huruma hata kidogo. Nilimwambia amesoma mpaka amepitiliza, kama abiria aliyesinzia akashtukia kituo chake kimeachwa nyuma. Nilimwambia mpumbavu wa kawaida angeniangalia mguu, ilihitajika akili nyingi sana ili aweze kuuacha. Alikubali kila neno. Hilo likanikasirisha zaidi, maana wifi asiyejibu hana ladha ya kugombana naye.

Alijiripoti kwenye kamati ya maadili ya utafiti. Kazi yake ikasimamishwa, ikapekuliwa, washiriki wote wakaulizwa upya kama wana ndugu miongoni mwa watafiti na kama kuna huduma yoyote waliyopunguziwa. Nikaondolewa kwenye hesabu. Likizo yake ya masomo ikaisha kabla kamati haijamaliza, akarudi kufundisha mchana na kuandika alipopata nafasi, na mwaka mzima ukapotea hivyo. Mume wangu alinishauri nimwambie basi inatosha, nimsamehe. Nikamuuliza kidole kilikuwa cha nani.

Hata hivyo siku ya kutetea tasnifu yake nilikwenda. Nilivaa viatu nilivyoandikiwa hospitali, vipana, vyeusi, vya kizee, nikakaa safu ya mwisho na mume wangu. Profesa alisimama mbele na picha zake ukutani. Aliwaeleza watahini kwamba masomo ya simu yalisaidia: waliofundishwa walijua zaidi kuhusu ugonjwa wao, na sukari yao ilishuka, si sana, ila ilishuka. Waliuliza maswali ya hesabu, akajibu. Waliuliza kuhusu mtandao, na wasio na simu nzuri, akajibu. Majibu yale niliyajua yote, nilikuwa nimeyasikia yakikaririwa kwenye ukumbi wetu.

Mtahini mmoja, mama mkavu aliyekuwa hajacheka tangu aingie, akafungua ukurasa aliokuwa ameuwekea alama. "Hapa unaandika mshiriki mmoja aliondolewa kwa sababu mtafiti alibadilisha namna ya kumhudumia. Ungerudia utafiti huu, mshiriki huyo ungemfanyia nini tofauti?"

Jibu la swali hilo nalo nililijua. Lilikuwa refu, lenye taratibu za uandikishaji na watafiti wasaidizi. Nikangoja alianze. Profesa alitazama karatasi yake, akaiweka mezani.

"Ningemuuliza kila siku kama ameangalia miguu," akasema.

"Hilo lingeathiri matokeo yako."

"Ndiyo," akasema. "Ningeandika kwamba limeathiri."

Mtahini akainama akaandika kitu, na hatukujua ameandika nini. Kidole changu hakitarudi, na nitamkumbusha hilo mpaka mmoja wetu amzike mwenzake. Lakini pale, kama wangeniuliza mimi, shahada ningempa bila kungoja watoke nje kujadiliana.