Walisema Kupolesha, Tukasikia Kuponesha

Mnisamehe kwanza kwa herufi zangu. Nilimaliza darasa la sita la msingi, na tangu hapo mkono wangu umeshika pampu na spana kuliko kalamu, kwa sababu kazi yangu ni kutengeneza baiskeli kando ya barabara inayokwenda Base, kambi ya jeshi. Neno moja nitaliandika kwa namna mbili na mtajua ni lile lile. Mbele ya watu mdomo wangu hujifunga. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama, ndiyo maana naandika.

Nataka kueleza jinsi binti yangu wa kwanza alivyowekwa kwenye baridi.

Alizaliwa hapa Kamina katika miezi ile ambayo asubuhi watu husimama juani kabla ya kwenda popote. Uchungu wa mke wangu ulikuwa mrefu, na mtoto alipotoka hakulia. Mimi nilikuwa nje ya ukuta nikingoja sauti yake. Nikasikia pampu ndogo tu, fu, fu, fu, na wauguzi wakiitana. Baadaye sana ikaja sauti nyembamba, kama ya paka aliyefungiwa mahali.

Muuguzi mwanamke mwenye miwani akatoka na kuniambia mambo mengi kwa haraka. Kitovu kilikuwa kimezunguka shingo, kichwa cha mtoto kilikosa hewa, iko kazi wanayoweza kufanya, lakini lazima ianze leo leo. Akamaliza hivi: "Tutamupolesha siku tatu. Munakubali?"

Mama mkwe wangu alikuwa upande wa pili wa pazia la mlango. Niseme hapa kwamba kwetu Baluba mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawaongei moja kwa moja. Akija njiani, mimi natoka njiani. Tunaiita buko, na ni heshima, si ugomvi. Kwa mtu mwenye haya kama mimi ni nafuu kubwa.

Sote wawili tulisikia "tutamuponesha", yaani apone. Nani angekataa mtoto wake aponeshwe? Nikaitika. Nyuma ya pazia nikamsikia mama mkwe akimshukuru Mungu.

Waliponiruhusu kuingia, nilimkuta mtoto uchi, amelala juu ya mifuko ya maji baridi iliyofungwa ndani ya vitambaa. Ile taa ya kuwapasha watoto moto ilikuwa juu yake, imezimwa. Waya mwembamba ulitoka matakoni kwake hadi kwenye kimashine chenye namba za joto lake. Alikuwa na bomba puani na sindano mkononi. Nilimgusa mguu. Ulikuwa kama samaki aliyetoka majini sasa hivi.

Nikamwuliza muuguzi, kwa sauti ndogo, kama taa imeharibika. Akasema imezimwa makusudi. Hakusema kuponesha, alisema kupolesha, yaani kuufanya mwili upoe. Nilitoka pale nikifikiri kwamba waliosoma huchagua maneno mawili yanayofanana, ukubali moja wakupe lingine.

Kwetu mtoto akitoka anaoshwa kwa maji ya moto, na mbabula, lile jiko la makaa, inawashwa chumbani hata kama jua ni kali. Baridi ya hospitali tunaijua mahali pamoja tu, kile chumba cha nyuma ambako maiti hungojea jeneza. Mama mkwe alimwambia mke wangu maneno hayo hayo, kwa nguvu, ili nami nisikie. Alisema wanamzoesha mtoto chumba kile. Hawampi maziwa, hawamfuniki, na mtu anayetaka mtoto aishi hamfanyii vile. Mke wangu aligeukia ukuta akalia.

Kesho yake daktari alikuja kuongea nasi. Ni kijana, alisomea Lubumbashi. Alisema sufuria ukiitoa motoni huendelea kuchemka kidogo, na kichwa kilichokosa hewa ni hivyo hivyo, huendelea kuumia hata hewa ikirudi. Baridi ni ya kukituliza. Maziwa wanayazuia kwa sababu tumbo nalo lilikosa hewa. Nikajikaza nikauliza kama atapona.

"Sijui," akasema. "Wengine inabasaidia, wengine hapana. Siwezi kukudanganya."

Labda mngemsifu kwa kusema kweli. Mimi nilizidi kumshuku. Fundi akiniambia hajui kama kiraka kitashika, simwachii baiskeli. Na huyu alikuwa ameshika mtoto wangu.

Siku hiyo hiyo namba kwenye kimashine zikaanza kupanda. Muuguzi akaondoa kitambaa, akaangalia mifuko, akakuta chupa ya maji ya moto imesukumwa ubavuni mwa mtoto, imefungwa kwa kipande cha kitenge. Akamtazama mke wangu. Akanitazama mimi. Tangu wakati ule kila alipotoka chumbani alikuwa akigeuka nyuma mara mbili. Kitenge kile kilinuka samaki wakavu. Mama mkwe huuza samaki wanaotoka Mulongo. Nilijua, na sikuwa na mdomo wa kumtaja mama mkwe mbele ya mtu.

Daktari alirudi na uso mwingine. Alisema moto ndio anaouogopa kuliko vyote, kwamba kichwa kilichoumia kikipata joto kinaharibika zaidi. Tukirudia, atasimamisha kazi yote na tutamchukua mtoto jinsi alivyo.

Kesho yake mchana mke wangu alikuwa wodini kwake, na muuguzi alikwenda kwenye frigo kuchukua mifuko mingine. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha watoto. Nikamwona mama mkwe anakuja barazani na kikapu kilichofunikwa, akikishika mbali kidogo na tumbo, kama mtu aliyebeba kitu cha moto.

Desturi inataka nitoke. Miguu ilishaanza kutoka yenyewe. Nikageuka nikampa mgongo, nikaangalia ndani, nikashika miimo ya mlango kwa mikono miwili.

Akasimama nyuma yangu. Hakuniambia mimi, aliambia kikapu. "Kikapu, ambia ule muntu atoke kwa mulango."

Sikutoka.

"Umuambie tena, mutoto haiko mupira ya kinga. Habamutiake mu maji juu ya kutafuta tundu."

Kinga ni baiskeli. Hiyo ndiyo kazi yangu kila siku, kuzamisha mpira ndani ya beseni nione mapovu yanatokea wapi. Masikio yangu yaliwaka. Kisha nikasikia sauti yangu, na yalikuwa maneno ya kwanza niliyopata kumwambia tangu nioe.

"Mama, miye pia sibaamini. Lakini ukimupatia moto na akikufa, bao ba hospitali batasema ni sisi, na sisi tutasema ni bao. Hakuna mwenye atajua. Tumuache. Akikufa mu baridi yabo, tutajua ni bao."

Nilingoja anisukume. Nikasikia kikapu kikiwekwa chini, na yeye mwenyewe akikaa kwenye saruji.

"Basi minaikala hapa," akakiambia kikapu. "Nione nani anaingia, na anaingia na nini."

Muuguzi aliporudi alitukuta hivyo, mimi ndani natazama namba, yeye nje anatazama watu, migongo yetu inaelekeana. Akaniuliza kama tumemwekea mtoto askari. Mama mkwe akajibu kutoka chini kwamba askari analipwa, yeye anafanya bure. Hakuondoka pale hadi kazi ilipokwisha. Kila aliyeingia alipimwa kwa macho toka kichwani hadi viatuni.

Siku tatu zilipotimia walianza kumpasha joto, polepole sana, kidogo kidogo. Hapo tena mama mkwe akapata neno. Kama moto ni mbaya, mbona sasa wanampa? Na kama ni mzuri, walikuwa wanangoja nini? Hakuna aliyemjibu akaridhika. Lakini mtoto alifumbua macho. Wakampa maziwa kwa bomba, baadaye akashika titi mwenyewe, na mke wangu akacheka kicheko kibaya kilichochanganyika na machozi. Siku ya kutoka, mama mkwe alimfungua mtoto karibu na dirisha akamchungulia masikio, vidole, na alama nyeusi ya pajani, ahakikishe kwamba hatukubadilishiwa.

Sasa mtoto amepita mwaka mmoja. Anakaa, anacheka, anaijua sauti yangu nikirudi kazini. Lakini mkono wa kulia anaukunja ngumi mara nyingi, na kila kitu anakipokea kwa kushoto. Daktari amemnyoosha vidole, amesema tungoje tuone, na tuendelee kumfanyisha mazoezi. Mama mkwe, ambaye hatujaongea tena moja kwa moja, alimtuma mke wangu aniambie kwamba baridi ilibaki ndani ya mkono ule.

Siku nyingine nafikiri mkono uliumia saa ile ile alipokosa hewa, na bila baridi labda asingekuwa na mkono hata mmoja wa kunishika. Siku nyingine namtazama anavyohangaika na kijiko, nawaza kama mama mkwe. Sina mtoto mwingine wa kumlinganisha naye, na hapa mtaani hakuna mwingine aliyefanyiwa hivyo.

Kwa hiyo nawaomba. Kama mtoto wako alipoleshwa, popote ulipo, niandikie, hata mistari miwili. Nieleze mikono yake ikoje, alitembea lini, kama anaongea. Kama alikufa, andika hivyo pia, usinifiche kwa huruma. Usiniambie nimwamini nani. Niambie ulichokiona.