Kifuniko chenye Zipu

Wifi yangu Paskalia hajui kushindwa. Nasema hivyo kama mtu aliyeteseka. Ukimwambia gauni haliwezi kupanuliwa, atalipanua, na wewe utakaa pale umeshika taa mpaka amalize.

Alizaliwa Usevya kwenye majaruba ya mpunga, akafundishwa cherehani na mama mmoja wa parokia, na kaka yangu Makarius alipomwoa na kumleta Mpanda alikuja na begi moja la nguo na mkasi uliofungwa kwenye kitambaa. Mkasi huo anao mpaka leo. Ole wako uukatie karatasi. Nusu ya watoto wa shule mtaani kwetu wamevaa sare zilizopita chini ya sindano yake, na kanzu za kwaya pia, pamoja na yangu, ambayo anadai aliilegeza mara mbili. Mwongo, ni mara moja.

Kaka yangu alikuwa gadi wa treni. Miaka ishirini na sita alikwenda na kurudi kati ya Mpanda na Kaliua, filimbi shingoni, na sauti yake ilikuwa inasikika behewa la mbele na la nyuma. Mwaka wa pili wa kustaafu akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakapotea. Akabaki na "eeh" na "aka" tu. Yule bwana wa mazoezi pale hospitali alituambia tumsemeshe kila siku, tumtafutie jambo la kumfanya aseme, kwa sababu akizoea kunyamaza, maneno hayatarudi tena.

Tulisema sisi mpaka koo zikakauka. Yeye alitazama ukuta.

Ndipo Japhet, mtoto wao anayefundisha Karema, alipokuja likizo na ndoo ya samaki sita wadogo kutoka ziwani, weusi wenye mkanda wa njano tumboni. Mimi nauza dagaa sokoni, kwa hiyo nilichungulia ndoo nikauliza hawa wanaliwa na nini. Japhet akacheka. Alimwita Bartolomeo, fundi wa madirisha ya alumini aliye jirani na kibanda cha kushonea cha Paskalia, akatengeneza tangi la kioo, wakaweka mawe, mchanga na kipampu cha kupuliza hewa, na tangi likawekwa mbele ya kiti cha baba yake.

Siku ya pili Makarius aliinua mkono wa kushoto, akamnyooshea kidole samaki mkubwa kuliko wote, akasema, "Kaliua."

Akanyooshea mwingine. "Ugalla." Kisha Katumba, kisha Mpanda, na wawili wadogo wakapewa majina ya vituo ambavyo mimi hata sivijui. Paskalia alitoka nje akajifanya anaanua nguo. Hakukuwa na nguo kwenye kamba.

Kuanzia hapo kila asubuhi aliwaita samaki wake kwa majina. Mke wake hakumwita. Alipomhitaji aligonga kiti na kusema "eeh". Paskalia alilifanyia utani: "Samaki wana majina, wifi. Mimi mwenye nyumba naitwa eeh." Alicheka, lakini alikuwa anang'ata uzi wakati anacheka, na uzi ule ulikuwa haujafika mahali pa kukatwa.

Jumatano moja tukamkuta Mpanda sakafuni, karibu na mguu wa kiti, amekauka. Samaki wale hufukuzana, na anayefukuzwa akikosa pa kukimbilia huruka. Kaka yangu alimtazama, akageuza uso ukutani. Hakusema jina hata moja siku ile. Jumamosi akaruka Ugalla. Paskalia akafunika tangi kwa ubao. Ndani kukawa giza, samaki wakajificha chini ya mawe, na mgonjwa wetu akawa anatazama kioo cheusi.

Hapa ndipo ninapoingia mimi, na ningependa kuipita sehemu hii haraka, ila Paskalia atasoma.

Kwetu chandarua kina kazi nyingi kuliko ile kiliyotengenezewa. Kinafunika vifaranga, kinazungushwa kwenye bustani ya mchicha, kinaanikiwa dagaa. Nilikuwa nacho kimoja kipya kabatini, kile tunachogawiwa bure. Nikaja nacho mbiombio, nimejaa akili. Kinapitisha mwanga, kinapitisha hewa, samaki hatoboi. Tukakitandaza juu ya tangi, tukakikaza kwa mpira wa baiskeli. Kikalegea katikati, kikagusa maji. Sikujali. Nilikwenda zangu sokoni nikiwasimulia watu nilivyookoa jahazi.

Saa nane mchana Paskalia alinipigia simu. Samaki walikuwa wanaelea kiubavu, wanazunguka. Nilipofika alikuwa anaongea na Japhet, simu imewekwa sauti ya nje.

"Mmefunika na nini, mama?"

"Chandarua cha shangazi yako."

"Kina dawa?"

Nikajibu mimi, kwa majivuno kabisa. "Tena kipya! Nimekitoa kwenye mfuko leo leo."

"Shangazi," Japhet akasema, "dawa inayoua mbu inaua samaki haraka kuliko mbu. Toeni maji. Sasa hivi!"

Tulikuwa na maji ya kisima yaliyolazwa kwenye ndoo kwa ajili ya usafi wa tangi. Tuliyateka ya zamani kwa makopo, kwa sufuria, mimi nikilia kwa sauti bila aibu yoyote. Wale wawili wadogo walikufa mikononi mwangu. Wakabaki Kaliua na Katumba, wanapumua kwa shida kwenye beseni la kufulia.

Makarius alisema, "Aka." Akafumba macho. Siku nne hakusema hata hilo.

Nilitegemea Paskalia anitukane. Angenitukana ningepumua. Alisema tu, "Wifi, shika utepe." Na akaanza kulipima tangi kwa utepe wa kupimia suruali, urefu, upana, ukingo, akiandika kwa chaki ukutani.

"Unafanya nini?"

"Nalishonea nguo."

Bartolomeo alitoa mabaki ya alumini akakata fremu safi yenye mfereji pembeni, ile anayofanyia madirisha. Wavu ulikuwa wa plastiki, wa madirishani. Muuzaji aliapa hauna dawa. Paskalia hakuamini kiapo cha mtu yeyote tena, cha shangazi au cha muuzaji. Aliuloweka wavu kwenye ndoo, akaenda kuchota viluwiluwi vya mbu kwenye tairi bovu nyuma ya karakana ya Bartolomeo, akavimwaga humo. "Hawa wakifa, wavu hauingii nyumbani kwangu." Siku ya tatu viluwiluwi vilikuwa vinacheza, vimenona, na nilimwona wifi yangu, mtu mzima, akivipigia vigelegele. Kisha akavimwaga juani, maana hana huruma ya kupitiliza.

Bartolomeo alipachika wavu kwenye fremu, akausukumia mpira wa kubana. Ukabonyea katikati kama godoro la gesti.

"Ndivyo ulivyo, mama Japhet. Wavu ni wavu."

"Umekata upande," Paskalia akamwambia. "Hujafuata uzi. Wewe ungekata suruali ya mtu, mguu mmoja ungezunguka ukatokea mgongoni."

"Mimi nimefanya madirisha miaka kumi!"

"Na mbu wanakusifu. Toa."

Aliung'oa, akaukata upya kwa ule mkasi. Nilishangaa, maana plastiki haijawahi kuuona mkasi ule. Alifuata uzi mmoja mmoja kutoka kona hadi kona, akakunja pindo mara mbili, akalishona kwa nailoni, akaurudisha kwenye mfereji akivuta pande mbili mbili, kushoto na kulia, juu na chini. Alipomaliza aliugonga kwa kidole, ukalia. Bartolomeo alijikuna kichwa, akaomba aonyeshwe tena taratibu.

Nilidhani tumemaliza. Paskalia akakata tundu katikati ya wavu wake mzuri. Nikapiga kelele.

"Atawalishaje?" akaniuliza. "Ana mkono mmoja. Atainua fremu nzima?"

Akazungushia tundu kitambaa cha mwavuli uliovunjika, akashona zipu ya plastiki ya begi la shule, isiyoshika kutu, na pembeni akaacha kitundu cha bomba la hewa, amekizungushia uzi kama anavyofanya tundu la kifungo. Kishikizo cha zipu kilikuwa kidogo mno kwa vidole vya mgonjwa. Akaenda kabatini, akaifungua kamba ya filimbi ya kazini ya mumewe, akaifunga pale.

Tulikiweka kifuniko Jumapili baada ya misa. Kaka yangu aliitazama kamba muda mrefu. Kisha akaishika kwa mkono wa kushoto, akavuta, zipu ikafunguka. Akatia chakula, akafunga. Akafungua tena, akafunga tena. Mara saba, nilikuwa nahesabu.

Wakati huohuo Katumba akamkimbiza Kaliua kuzunguka jiwe, Kaliua akaruka. Pa! Akagonga wavu, akarudi majini, akaendelea na safari zake. Makarius akacheka. Kicheko chake cha zamani, cha kutoka tumboni. "Kaliua!" akasema. "Kaliua!"

Nilimkumbatia Paskalia, nikamkumbatia na Bartolomeo, ambaye hakuhusika sana.

Baada ya hapo Kaliua alivimba taya na kukataa kula. Nikasema basi, dawa imemrudia, nimeua wote. Japhet akatuambia tutulie, yule ni jike na amebeba mayai mdomoni, na atashinda njaa hivyo mpaka wanawe wawe tayari. Karibu mwezi mzima tulitembea kwa kunyata mle ndani. Kaliua aliruka mara nyingi, na kila mara wavu ulimrudisha.

Asubuhi alipofungua mdomo tulikuwepo. Walitoka watoto, wadogo kama punje za mpunga, mmoja mmoja, kisha wakatawanyika kwenye mawe yote. Stesheni za tawi letu zisingetosha. Kaka yangu akavuta kiti mbele kwa mguu wake mzima, akaingia njia kuu ya reli. "Urambo. Usoke. Tabora." Alikuwa anavuta pumzi kati ya jina na jina. "Itigi. Manyoni. Saranda. Dodoma." Jasho linamtoka. "Gulwe. Kilosa. Morogoro. Ruvu."

Kumi na mmoja. Nikamuuliza, "Dar es Salaam je, kaka?"

"Bado," akasema. Neno jipya kabisa! Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja.

Bartolomeo naye akaja, amevaa shati la kupigia picha, akasimama kando ya tangi akiwaeleza watu alivyokata fremu, alivyochagua alumini, alivyofanya hiki na kile. Paskalia alikuwa pembeni kwenye cherehani yake, anamalizia kola, hamjali. Fundi akamgeukia kaka yangu kwa utani.

"Haya mzee, waambie hawa. Nani katengeneza kifuniko hiki?"

Makarius aliishika kamba ya filimbi. Midomo yake ilihangaika, ikafunga, ikafunguka. Nilitaka kumjibia, nikajiziba mdomo kwa khanga.

"Paskalia," akasema.

Cherehani ikanyamaza. Mkasi ule, ambao haujawahi kuanguka tangu Usevya, ukaanguka sakafuni. Na wifi yangu, mama mwenye wajukuu, akasimama wima kama bibi harusi aliyeitwa kwa mara ya kwanza na mumewe.

"Abee!" akaitika.