Kitufe Bubu cha Nonie Talty

Nonie Talty hamwamini mtu. Utabiri wa hali ya hewa akiusikia redioni hutoka nje kuhakikisha. Padri akimaliza kutoa matangazo kanisani, utamwona anamgeukia wa pembeni yake na kuuliza, "Na hilo nalo ni kweli?" Nimeishi naye kijiji kimoja huku mkoani Clare miaka hamsini na mbili, na mpaka leo nikimwekea chai kwenye baa yangu huinusa kwanza. Angekuwa mtu mwingine ningeshamfukuza. Lakini akikiweka kile kinanda chake kidogo cha mkono magotini, akaanza kukibana na kukivuta, hata mlevi wa kaunta hunyamaza.

Wapigaji wetu wa muziki hukutana kwangu kila Jumatano jioni. Hawasomi karatasi. Kila kibao hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa sikio tu, na kabla hujakipiga sharti useme umekitoa kwa nani. "Hiki nimekitoa kwa mjomba." "Hiki nimekitoa kwa fundi viatu wa Kilcorran." Ukianza kupiga kimya kimya, watu wanakutazama kama umeingia na viatu vya mwenzako.

Kiti cha mkono wa kulia wa Nonie kilikuwa cha Micho Marrinan, mpiga filimbi, mwanamume asiye na mke wala haraka. Miaka thelathini amekuwa akimleta kwa gari na kumrudisha, akimkatia kuni, akivumilia maswali yake. Nonie hakuwa na mtu mwingine. Dada yake, Bina, alikosana naye mama yao alipofariki na kumwachia Nonie kinanda chake. Bina akaapa hatagusa kinanda tena maishani, akahamia Manchester. Barua zake tatu za mwanzo Nonie alizirudisha bila kuzifungua.

"Zilikuwa nene mno," aliwahi kuniambia. "Barua nene ina jambo."

Mwezi wa tatu ikatoka albamu mpya ya Kwato, bendi ya vijana watano wanaopiga vibao vyetu vya zamani kwa kasi ya mtu anayekimbizwa na fahali. Wiki ile hapakuwa na nyumba isiyoisikiliza. Msichana wa duka la dawa alikuwa akifunga vidonge huku miguu inacheza. Mkulima mmoja aliapa kwamba ng'ombe wake wameongeza maziwa. Mzee Haugh, aliyeshika fidla tangu utotoni, alisema huo si muziki, ni ajali ya barabarani, kisha nikamkuta ndani ya gari lake nje ya kanisa, vioo vimefungwa, anairudia. Na mimi niliinunua, nikaiweka baani Jumatano ile kabla wapigaji hawajaanza.

Kilipofika kibao cha saba, Nonie akaweka kikombe mezani.

"Zima," akasema.

"Kuna nini tena?"

"Attracta, zima hicho kitu!"

Nikazima. Akaomba kava, akavaa miwani, akashuka na kidole mpaka namba saba. Palikuwa na neno moja tu: jadi. Yaani hakina mwenyewe.

"Jadi!" akasema. "Mama yangu mimi leo amekuwa jadi!"

Ndipo tukajua. Kibao kile mama yake alikitunga jikoni kwao wiki aliyomzika mumewe, na hakikuwahi kutoka jikoni humo. Kinanda chake kilikuwa kimeanguka kutoka kabatini, kitufe kimoja kikawa bubu. Basi kila alipofika kwenye sauti ile aliacha pengo, akakanyaga sakafu kwa kisigino, akaendelea. Nonie alishakitengeneza kinanda zamani, ila pengo hakulijaza. Na hawa Kwato, wenye vinanda vizima vinavyong'aa, walikuwa wameliacha pengo lile lile, mahali pale pale.

"Mtu hawezi kukosea hivyo kwa bahati," akasema. "Hiki kimetoka jikoni kwangu." Akageuka kulia, polepole. "Na jikoni kwangu ameingia mtu mmoja tu."

Sote tulielewa. Januari Nonie aliugua mafua mabaya, Micho akampikia supu siku tisa, na siku ya tisa Nonie akampigia kibao hicho kuwa ndiyo asante yake. Na ni Januari hiyo hiyo Micho alinunua simu mpya.

"Unasema nini, Nonie?" Micho akauliza.

"Simu yako inarekodi?"

"Ya nani hairekodi? Mimi hata tochi yake bado najifunza kuwasha."

"Usijitie ujinga, Micho. Haujawahi kukukaa vizuri."

"Sikurekodi."

"Ahaa. Basi kilivaa kofia, kikapanda basi la Dublin chenyewe?"

Watu wakacheka, na nikaona kicheko kile kilivyomchoma Micho kuliko maneno.

"Mwizi," Nonie akasema, waziwazi, mbele ya watu kumi na wanne. Akanyanyua kiti chake, akakihamishia upande wa pili wa moto.

Micho aliifungua filimbi yake vipande vitatu, akaifunga ndani ya kitambaa, akatoka bila kubamiza mlango.

Hapa naona aibu, lakini nitasema: na mimi nilimshuku. Siku mbili baadaye nilimpelekea maziwa nikaona picha ya Kwato juu ya rafu yake, ina sahihi zao wote watano. Sikulala na siri. Nilikwenda moja kwa moja kwa Nonie nikammwagia yote, na tukakubaliana, tukiwa tumeinamisha vichwa kama wapelelezi, kwamba ushahidi umetosha. Baadaye sana ndipo nilipogundua kuwa picha ile ilichapwa ikawekwa ndani ya kila kava, hata langu. Micho naye alikuwa ameinunua albamu dukani, kama sisi wote.

Zikapita Jumatano tatu kiti kikiwa wazi. Nonie alikuja kwa miguu kwenye mvua, akakataa gari langu, akapiga vibaya, na kila mlango ulipofunguka aliinua kichwa.

"Unamtazamia nani?" nikamuuliza.

"Naangalia mvua."

"Mvua haipigi filimbi, Nonie."

"Chunga vikombe vyako, Attracta."

Kisha Kwato wakaja kupiga kwenye ukumbi wa parokia, Jumapili mchana. Nilimpeleka Nonie. Alikaa mstari wa mbele, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba mapajani, na ukumbi mzima ulipokuwa unarukaruka yeye hakupiga hata kofi moja. Walipomaliza tu, akapita nyuma ya jukwaa. Mpiga kinanda wao, msichana aitwaye Keelin, alikuwa anakula mkate.

"Wewe," Nonie akasema. "Namba saba umekitoa kwa nani?"

Msichana akameza tonge, akamtazama usoni, akazidi kumtazama.

"Kwa bibi yangu. Bina. Yuko Manchester."

Nonie akashika meza. "Uongo. Bina aliapa hatagusa kinanda."

"Na hajagusa. Alinifundisha kwa mdomo, akiimba huku anapika. Nikiijaza ile sauti ananipiga mwiko mkononi. 'Hapo mama yangu hakuwa na kitufe!'"

"Sasa mbona hamkuandika jina lake? Hamna adabu?"

"Alinikataza, bibi. Alisema, 'Nonie ukimwita haji. Mwibie, atakuja mwenyewe.'"

Nonie akaketi juu ya sanduku la spika. Alilia, akacheka, akamtukana dada yake matusi mawili ya zamani, kisha akamwambia msichana ampigie Bina simu. Waliyoongea siyajui, kwa sababu kwa mara moja maishani nilijua wakati wa kutoka nje.

Wakati wa kurudi, tulipofika kwenye geti la Micho, akanigusa bega.

"Simama hapa."

Micho alifungua mlango, akabaki kizingitini.

"Hukuwa wewe," Nonie akasema.

"Najua. Nilikuwepo."

"Nisamehe, Micho."

"Uliniita mwizi mbele ya watu kumi na wanne. Unaniomba radhi mbele ya Attracta peke yake, naye anajifanya anafuta kioo."

Akafunga mlango, taratibu kabisa. Nilidhani Nonie atakasirika. Alisimama pale kwenye manyunyu, akatikisa kichwa mara moja, akasema, "Ana haki."

Jumatatu na Jumanne alipita nyumba kwa nyumba kuhakikisha wote kumi na wanne watakuja. Na Jumatano walikuja. Alikirudisha kiti chake upande wa zamani wa moto, cha kulia kikiwa wazi. Micho aliingia wa mwisho, akaegemea ukuta karibu na mlango, koti mwilini.

Nonie akasimama. Huwa hasimami.

"Hiki nimekitoa kwa mama yangu," akasema, "na dada yangu Bina ndiye aliyekitunza kuliko mimi. Nilisema Micho Marrinan amekiiba. Hakuiba. Nilimsingizia mtu aliyenipikia supu." Akamgeukia Micho pale ukutani. "Kwa hiyo leo nampa. Atakayekipiga baada ya leo, popote, aseme amekitoa kwa Micho."

Kwetu hakuna zawadi inayozidi hiyo, na baa nzima ilijua. Akakaa, akakipiga mara mbili peke yake, kwa mara ya kwanza nje ya jiko lile. Alipoanza mara ya tatu Micho akatoa kitambaa mfukoni, akaunganisha filimbi yake, akaingia naye akiwa bado amesimama mlangoni. Walipofika kwenye pengo, wote wawili walinyamaza, na kisigino kilichokanyaga sakafu kilikuwa cha Micho.

Kibao kilipokwisha alivuka chumba, akakaa kwenye kiti cha mkono wa kulia wa Nonie.