Mtakatifu Aliyehamishwa

Mwezi wa tatu Guangzhou hutoka jasho. Sisemi watu, nasema kuta. Maji huchuruzika kwenye vigae vya korido, na shati ulilofua mwanzo wa juma unalivaa mwisho wa juma likiwa bado na unyevu kwapani. Mama mdogo, ambaye niliishi naye chumba kimoja pale mtaa wa Xiaobei, alikuwa akizunguka marobota yake ya nguo akiyanusa kama mtu anayechagua samaki.

"Kuvu ikiingia humu," alisema, "kule Dar mteja anafungua uyoga."

Mimi nilikuwa na kitambaa cheusi kwenye kifundo cha mkono. Nacho hakikukauka.

Kitambaa hicho mama alikichana kutoka kwenye kaniki ambayo yeye mwenyewe aliivaa baba alipofariki. Aligawa kipande kwa kila mtoto, na changu kililetwa na mfanyabiashara mmoja, kimefichwa ndani ya pakiti ya majani ya chai. Baba alifariki Kwaresima ya mwaka uliotangulia. Pasipoti yangu ilikuwa ofisi ya uhamiaji ikisubiri kuongezewa viza, na kabla haijatoka walikuwa wameshazika. Kaka aliinyoosha simu yake kuelekea kaburini ili nami niwepo. Nilichosikia ni upepo, halafu udongo.

Baba alikuwa msakristia wa parokia yetu huko Singida. Alipiga kengele, alipiga pasi mavazi ya padri, alimwagilia maua. Parokia ilifunguliwa na mapadri wa Kiailandi, nao wakaipa somo wa kwao, Mtakatifu Patrisi, awe msimamizi wake. Kwa hiyo sisi, watu wa mtama na alizeti, tulikua tukiijua sikukuu ya Waailandi, tarehe kumi na saba Machi, kama watu wengine wanavyoijua Krismasi. Siku hiyo padri alitubandika kifuani jani dogo lenye sehemu tatu. Mbegu zake alizitoa kwao, lakini ukame ulipoua bustani, baba alianza kuchuma jani lingine linalofanana nalo, lile chachu ambalo watoto hulitafuna njiani. Padri aliligeuza mkononi, akamtazama baba, akaendelea kubandika. Tangu hapo jani la somo likawa hilo.

Mwaka ulipokaribia kutimia, mama aliniambia kwenye simu, "Siku ya somo tutamsomea misa. Baada ya komunyo tutavua nguo nyeusi wote kwa pamoja, na wewe uvue huko huko. Usituache tena."

Alilisema kwa upole, lile neno tena. Nililala nalo siku nyingi.

Jumamosi iliyotangulia sikukuu tulikuwa kwenye masoko ya Guangyuan Xilu kununua nguo. Mama mdogo alikuwa mbele akibishana na wauzaji, mimi nyuma na mifuko. Kila mwenye duka alimwita laobani, yaani bosi, naye aliwaita hivyo hivyo, na baada ya heshima hiyo walitukanana vizuri tu kuhusu bei. Simu yangu iliita mara moja ndani ya mkoba, ikakata. Baada ya saa moja hivi ikaita tena, ikakata. Ilikuwa namba ya kaka.

"Nani huyo?" akauliza mama mdogo.

"Kaka. Anabipu."

"Anataka viatu. Huyo akibipu mara mbili ni viatu. Shika hapa."

Nikashika. Kaka alikuwa na kawaida hiyo kweli, na mikono yangu ilikuwa imejaa. Sikumpigia.

Jumapili ya Matawi nilikwenda kwenye kanisa la mawe lililo karibu na mtaa wa Yide Lu, kwenye misa ya alasiri ya wageni. Nilikaa benchi la nyuma kama kawaida yangu, kwa sababu huko nyuma mtu hakuulizi kitu. Aliyekuwa akiniuliza ni mmoja tu, bibi wa Kiailandi aliyefundisha Kiingereza chuoni. Ujanani alikuwa muuguzi kwenye hospitali ya misheni huko kwetu, na Kiswahili chake kilibaki kama cha vitabu vya sala. Baada ya misa alinishika bega.

"Mwanangu, kesho ni sikukuu yetu, mimi na wewe. Tutakuwa pamoja, sivyo?"

Nikaitikia. Akaniandikia jina la mahali na saa ya jioni. Nilidhani misa itakuwa asubuhi na karamu jioni, maana ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Jumatatu niliamka kabla ya mama mdogo, nikaenda kanisani. Chini ya ukuta wa kanisa, penye ufa unaopitisha maji, nilikuwa nimeshaliona lile jani chachu, limetoa maua ya rangi ya waridi. Nikachuma majani machache, nikayatia kwenye mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na wanawake wazee wa Kichina wakisali kwa sauti moja ya kuimba. Sanamu zilikuwa zimefunikwa vitambaa vya zambarau. Padri akatoka naye amevaa zambarau. Nikangoja. Sikujua lugha yake, lakini jina la mtakatifu ningelitambua kwa lugha yoyote. Halikutajwa. Komunyo ikapita, wazee wakapiga goti, wakaondoka, na mtu akazima taa upande wangu bila kuniona.

Kitambaa kilikuwa bado mkononi. Nilikuwa nimekwisha kukilegeza fundo.

Ningeweza kumfuata padri nimwulize kwa ishara. Nilifika hadi mlango wa sakristia, nikaona viatu vyake vimepangwa kando ya kabati, nikalikaza fundo, nikarudi.

Kutwa nzima nilifunga marobota. "Huyo mtakatifu wako," alisema mama mdogo, "mbona hajakuchangamsha? Uso kama mzigo ulioshikwa bandarini." Alikuwa akinitania. Baba alikuwa shemeji yake, na kitambaa alikijua.

Jioni nikaenda nilikoelekezwa. Ilikuwa baa chini ya hoteli, imejaa moshi na rangi ya kijani. Kulikuwa na walimu, wanunuzi wa viwandani, vijana wa Kikenya waliofuata muziki, na mabango ya majani matatu ya karatasi kama yale wanayouza kwa mafungu Yide Lu. Mzee mmoja mwekundu alikuwa akiimba huku amefumba macho, na wenzake wakapunguza kelele, wengine wakatazama chini kwenye glasi zao. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba Wazungu popote wanapokaa wako kwao. Wale hawakuwa kwao.

Bibi alinikalisha pembeni, akaniagizia soda.

"Bibi, misa ya Patrisi ilikuwa saa ngapi?"

"Misa? Hapana misa, mwanangu. Hii ni Juma Kuu. Katika Juma Kuu watakatifu hawapewi nafasi. Kanisa limemhamisha mwaka huu. Kwetu walimsherehekea juzi, Jumamosi. Hapa hawakumsherehekea kabisa." Akainua glasi yake kidogo. "Sisi wa baa tumebaki na tarehe yetu."

Nikauliza, "Jumamosi?"

"Jumamosi."

Nikakumbuka simu mkobani, ikiita na kukata, ikiita na kukata.

Nadhani aliona kitu usoni mwangu, kwa sababu aliweka glasi chini. Sikujua nianzie wapi, hivyo nikatoa mfuko wa plastiki. Majani yalikuwa yamejikunja kama yanavyofanya giza linapoingia. Akachukua moja, akalisogeza karibu na miwani.

"Hili silo lenyewe," akasema.

"Najua. Baba pia alijua."

Akalibandika kifuani pake kando ya jani la plastiki alilokuwa amevaa. Halafu walimwita meza ya pili wakapige picha, akaenda, akarudi, akaitwa tena. Nikaondoka bila kuaga.

Pale Xiaobei kulikuwa na duka la simu lenye vibanda vya mbao. Huku Guangzhou taa zilikuwa zimewashwa, nyumbani ilikuwa mchana. Mama alipokea mwenyewe.

"Mwanangu! Nilisema utapiga. Ungeona ilivyokuwa! Kanisa lilijaa mpaka nje. Padri alitangaza kila Jumapili kwamba ameiwahisha sikukuu iwe Jumamosi. Kaka yako akakubipu tulipoingia, na tena tulipovua. Ukajua?"

Nilitazama kitambaa.

"Sikujua, mama."

"Hukujua nini?"

"Siku. Hapa hawakutangaza. Jumamosi nilikuwa kazini. Nimekwenda leo."

Nilisikia kuku, na mtu akipita na ndoo.

"Lakini kanisa ni moja," akasema. Si kwa kunigombeza. Alikuwa kama anauliza.

"Ni moja, mama."

"Basi sisi tumeshavua. Nyeusi zote tumezichoma." Akapumua. "Sasa wewe utavua na nani?"

Hakungoja jibu. Alinieleza nani alipika na nani hakuja, na mwenye duka akagonga kioo cha kibanda, kadi yangu ya simu ilikuwa imekaribia kwisha.

Chumbani mama mdogo alikuwa amepiga magoti juu ya robota, mkasi wa kamba mkononi. Aliniangalia mkono kabla ya kuniangalia uso.

"Mbona bado unacho?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakulizoea.

"Nikukatie?" akasema, akainua mkasi.

"Hapana."

"Utakivua lini?"

"Sijui, mama mdogo."

Akatazama ukuta uliokuwa ukitiririka nyuma yangu. Kisha akauteremsha mkasi, akanisogezea ncha ya kamba.

"Haya. Shika upande huo, uvute."

Nikavuta. Kitambaa kilikuwa kimelowa, kikanibana mkono.