Sabuni ya radiatere

Juzi jirani alikuwa akiziba ufa wa radiatere ya gari lake kwa sabuni, na ile harufu ya sabuni juu ya chuma cha moto ikanirudisha kwenye barabara ya hospitali, hapa Kalemie. Gari letu lilikuwa limechemka na kuzima. Mama aliugulia uchungu wa kuzaa kwenye kiti cha nyuma, huku Papa akikandamiza sabuni kwenye radiatere, chini ya kapo, kile kifuniko cha injini. Kwa utoto wangu nilidhani anamwoshea gari mtoto anayekuja.

“Papa, usisahau mapine,” nilimwambia, nikimwonyesha magurudumu yenye vumbi.

Leo najua ufa mkubwa hauzibiki hivyo. Maji niliyochota ziwani, Papa akayamimina humo, yalitoka yote, na povu lake.

“Papa Furaha, acha gari,” Mama alisema. “Kuya unikamate.”

Papa alikwenda. Alisimama mlangoni, mikono imejaa povu, asijue amshike wapi.